Wasomaji Wanauliza: Mtaa Ukivunjwa, Mpangaji Analala Wapi?

Toleo lililopita tuliwaomba maswali kuhusu mitaa chakavu inayovunjwa kupisha maghorofa. Barua nyingi zimetoka kwa watu ambao ramani za miradi huwa haziwaoni: vibarua wa viwandani, walinzi, mama lishe, vijana waliotoka mikoani wakapanga chumba kimoja. Tumejibu zile zinazowagusa wengi.

Mwekezaji anataka kuunganisha viwanja ishirini hapa mtaani ajenge maghorofa. Wenye nyumba karibu wote wamekubali kupewa fleti moja moja. Sisi viongozi wa mtaa tuanzie wapi?
*Mjumbe wa serikali ya mtaa, Manzese, Dar es Salaam*

Anzieni na idadi ya vyumba, siyo idadi ya nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na mara nyingi vingine viwili uani karibu na choo. Viwanja ishirini ni kama vyumba 160. Mwenye nyumba na watu wake wanakaa viwili au vitatu, vilivyobaki vimepangishwa. Kwa hiyo fleti ishirini za wenye nyumba, hata ziwe nzuri vipi, zinaacha vyumba zaidi ya mia bila mbadala. Waliokuwa wakilala humo ni makuli wa soko la Mabibo, mafundi cherehani na walinzi wa usiku, na hawatapanda basi kurudi mkoani. Watahamia Tandale au Mburahati, kodi ya huko itapanda, na palipolala wawili watalala wanne. Mtaa chakavu utakuwa umesogea kilomita mbili tu.

Hesabu hiyo ifanyike usiku, kati ya saa moja na saa nne, maana mchana mtu yuko kazini na jirani hujibu kwa kukisia. Kila mlango wa chumba upewe namba ya rangi, siyo mlango wa mbele peke yake. Andikeni wanaolala humo, anayelipa kodi na anamlipa nani, analipa kwa mwezi au kwa miezi sita, anafanya kazi wapi na anafikaje huko. Ulizeni pia godoro moja linalaliwa na wangapi, kwa sababu wafanyakazi wa zamu hupokezana: mmoja anaingia kazini, mwingine anarudi kulala. Biashara za barazani ziwe na orodha yake, zisichanganywe na vyumba.

Mambo mawili huharibu orodha kama hiyo. Kwanza, tangazo likitoka wiki tatu kabla, vyumba hujaa wapangaji wa ghafla. Basi tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa iwe ileile ya kuhesabu. Pili, mwenye nyumba huwaandikisha wanawe wa Mbezi kuwa ndio wapangaji. Dawa yake ni kubandika orodha nzima kwenye ofisi ya mtaa kwa wiki mbili na kupokea pingamizi. Wapangaji wanajuana, jina la mtu asiyeonekana msalani asubuhi litapingwa siku ya kwanza.

Mkishaijua idadi ndipo mkae na mwekezaji. Msidai fleti kwa kila mpangaji, hataweza na atawakimbia. Daini jengo moja au ghorofa mbili za vyumba vya kupanga vya mita 3 kwa 4, vyumba viwili vikichangia choo na bafu, kila chumba na LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Fremu za biashara za chini ndizo zinazobeba hesabu: kwenye barabara yenye watu, fremu moja huingiza kodi kuliko vyumba viwili vya juu, na ziada hiyo ndiyo inayowezesha kodi ya vyumba ibaki chini. Kiwango cha kodi na miaka kitakapodumu viandikwe ndani ya mkataba wa kuunganisha viwanja wenyewe. Barua ya ahadi haitoshi. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaruhusu sehemu ya jengo iwe na hati yake, kwa hiyo jengo la vyumba linaweza kumilikiwa na ushirika au halmashauri huku fleti nyingine zikiuzwa.

Mwisho ni awamu. Viwanja ishirini visivunjwe kwa siku moja. Tafuteni kiwanja kitupu au ghala la zamani, pajengwe pale kwanza, watu wa nyumba nne au tano waingie, zao zivunjwe, na kadhalika. Mwekezaji atasema inamchelewesha, na ni kweli inamchelewesha. Lakini tazameni Magomeni Kota. Wakazi wake waliondolewa mwanzoni mwa muongo uliopita, na maghorofa ya kaya 644 yakazinduliwa Machi 2022. Kota zile zilikuwa za umma na orodha ya wakazi ilijulikana, bado ikachukua miaka kama kumi. Kibarua aliyepanga chumba hawezi kusubiri nusu ya muda huo.

Nimepanga chumba Tandale miaka sita. Wathamini wamepita wakapiga picha nyumba, wakampiga na mwenye nyumba kashika kibao cha namba. Mimi hawakuniuliza kitu. Je, nina fidia?
*Dereva wa bodaboda*

Kama fedha ni za serikali peke yake na utwaaji unafuata sheria za kawaida, jibu la kweli ni kwamba fidia kubwa inakwenda kwa mwenye nyumba. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja thamani ya soko ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya biashara. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mara 36. Usafiri ni gharama ya kuhamisha tani 12 za mzigo ndani ya kilomita 20. Hasara ya biashara ni faida halisi ya mwezi mara 36. Kivitendo, haya yote huandikwa kwa jina la mwenye mali.

Penye upenyo ni kwenye biashara. Kama ungekuwa na genge au kijiwe cha kuchomelea ndani ya eneo, hasara hiyo ni yako wewe mwenye biashara, sharti uithibitishe: leseni, kitambulisho cha mjasiriamali, daftari la mauzo, risiti za bidhaa. Asiye na karatasi hukadiriwa chini au hurukwa kabisa.

Halafu uliza swali ambalo wengi hawaulizi: fedha za mradi ni za nani? Mradi ukifadhiliwa na Benki ya Dunia, unafungwa na viwango vyake vya uhamishaji, ambavyo vinamtambua hata mtu asiye na haki ya ardhi. Mpangaji hupata msaada wa kuhama na muda wa kutafuta pengine, mradi jina lake limo kwenye orodha kabla ya tarehe ya mwisho. Nenda ofisi ya mtaa, omba kuona mpango wa uhamishaji wa watu wa mradi huo. Ni waraka wa umma. Usipojikuta humo, andika malalamiko yenye tarehe, nakala yako igongwe muhuri.

Mweleze na mwenye nyumba wako jambo hili, linamhusu yeye: fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, na uthamini ukipitisha miaka miwili bila malipo unapoteza uhai, inabidi ufanywe upya. Wapo wanaoacha kukarabati paa miaka minne kwa sababu ya namba nyekundu ukutani. Anayevujiwa muda wote huo ni mpangaji.

Sitaki kuuza. Nataka kuongeza ghorofa juu ya nyumba yangu ya vyumba sita ili wapangaji wangu wabaki. Fundi anasema ukuta wa tofali za inchi sita unatosha. Anasema kweli?
*Mama mwenye nyumba, Keko*

Hapana, mama, usikubali.

Paa la bati na mbao zake lina kama kilo 20 kwa mita mraba. Zege la unene wa sentimita 15 lina kilo 375. Juu ya chumba cha mita 3 kwa 3 unaongeza zaidi ya tani tatu kabla hujaweka ukuta, godoro wala mtu. Nyumba iliyojengwa miaka ya sabini kwa ajili ya bati haikuandaliwa kwa mzigo huo. Chimba shimo kwenye kona moja, kando ya ukuta, mpaka uone chini ya msingi. Mara nyingi utakuta tofali zimelazwa juu ya mchanga bila zege, na mabondeni utakuta maji kabla hujafika mita moja. Kwenye msingi wa namna hiyo ghorofa haipandi, hata kwa dua.

Njia inayowafaa watu wa hali yako ni kuanzia uani. Jengo jipya la ghorofa moja lijengwe nyuma, lenye msingi na nguzo zake. Wapangaji wa mbele wahamie huko, ndipo nyumba ya mbele ivunjwe na kujengwa upya. Kodi haikatiki, na hakuna aliyetupwa nje. Tatizo la uani ni shimo la choo la zamani. Mafundi hulifukia kwa kifusi siku moja na kusimamisha nguzo juu yake. Baada ya mvua mbili za masika nguzo inazama na ukuta unachanika kimshazari kuanzia kwenye kona ya dirisha. Shimo linyonywe likauke, lijazwe mawe na mchanga kwa tabaka za sentimita 20, kila tabaka ishindiliwe, na bado mhandisi asogeze nguzo pembeni.

Michoro na idadi ya nondo ni kazi ya mhandisi, na kibali kinatoka halmashauri. Wewe simamia haya unayoweza kuyaona kwa macho. Mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 25 hadi 30 za inchi sita. Wauzaji wengi hutoa 45 na zaidi. Lichukue moja kwenye rundo, liachie kutoka usawa wa kiuno lidondoke kwenye ardhi ngumu: likisambaratika kama biskuti, rudisha lori zima. Zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) lipimwe kwa ndoo, siyo kwa koleo, kwa sababu koleo la asubuhi na koleo la saa tisa alasiri havilingani. Maji ndipo wizi wa nguvu unapotokea: fundi akichoka kukoroga huongeza maji, zege linateleza vizuri na linakauka dhaifu. Kumwagilia ni siku saba, asubuhi na jioni. Mirunda, yaani miti inayoshikilia zege, ikae chini ya jamvi la juu wiki mbili, chini ya mihimili wiki tatu. Akikuomba aitoe siku ya tano apeleke kwa mteja mwingine, mwambie akanunue mingine.

Naishi Viwandani, Mukuru, natembea kwa miguu hadi kiwandani Industrial Area. Kila mtu anasema tujiandikishe nyumba mpya za serikali. Mbona nyumba kama hizo zikiisha, wenye mabati hatuonekani ndani?
*Kibarua, Nairobi*

Kwa sababu nyumba huhesabiwa kwa bei ya kujenga, na wewe unalipwa kwa siku.

Weka hesabu yako mezani. Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi kinalipiwa kodi peke yake, na mwezi ukiwa mbaya unaongea na mwenye mjengo akungoje wiki. Nyumba ya ghorofa ina malipo ya mwezi, ada ya huduma, tokeni za stima, bili ya maji, na haimngojei mtu. Kazi ya kibarua ikikauka wiki mbili, wewe ndiye wa kwanza kuchelewa. Zaidi ya hapo, nyumba ikiwa mbali, nauli ya kwenda na kurudi inakula ile nafuu uliyoahidiwa. Kutembea kwako hadi kiwandani ni sehemu ya mshahara wako, ingawa haiandikwi popote.

Nyumba za Mukuru zimepangwa 13,248, na funguo za kwanza zilitolewa Mei 2025. Mukuru yenye Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani ilipotangazwa eneo maalumu la mipango miji mwaka 2017, ilikadiriwa kuwa na kaya laki moja hivi. Linganisha namba hizo mbili: hata kila nyumba ikienda kwa mkazi halali, wengi watabaki kwenye mabati. Ndiyo maana barabara, mabomba ya maji na majitaka ndani ya mtaa ulivyo sasa si kazi ya daraja la pili. Vinamfikia mpangaji bila kumhamisha.

Kibera inafundisha zaidi kuliko hotuba. Mwaka 2009 watu wa Soweto Mashariki walihamishiwa maghorofa ya muda ya Lang'ata, nyumba 600, familia zikichangia jiko na choo. Nyumba zao 822 zikakamilika mwaka 2016. Wengine waliopata wakabaki na chumba kimoja na kupangisha viwili, na wapo waliowaita matapeli. Sisi hatuoni utapeli hapo. Familia isiyo na mshahara wa uhakika inalipa nyumba yake kwa kodi ya chumba, na kijana aliyetoka kijijini jana anapata pa kulala. Kosa liko kwenye mchoro: vyumba vyote vinapitia sebuleni, hivyo mpangaji anapita katikati ya familia kwenda kuoga. Mlango mmoja wa ziada upande wa koridoo ungeondoa tabu hiyo kwa gharama ndogo sana. Kamati yenu ya mtaa ikiitwa kutoa maoni, ombeni mlango huo.

Jiandikishe, ndiyo. Lakini usimlipe mtu yeyote wa mtaani kwa ajili ya kuwekwa kwenye orodha. Na jueni sheria ya ardhi ya Kenya inataka ilani ya miezi mitatu kabla ya kuondolewa watu walio kwenye ardhi bila kibali. Tingatinga la usiku bila karatasi ni uvunjaji wa sheria, hata likija na karani na askari.

Nasoma mipango miji. Mwalimu anasifu sana Wachina. Wao waliwezaje kuwahifadhi wafanyakazi wahamiaji?
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Inategemea mwalimu wako anasifu mtaa gani. Shenzhen, jiji la kusini mwa China, ilipokua, mashamba ya vijiji yalichukuliwa na jiji, wanakijiji wakabaki na viwanja vya nyumba zao. Wakapandisha majengo ya ghorofa sita, saba, yaliyosongamana hadi watu wanasema jirani wawili wanaweza kupeana mikono dirishani. Hayakuwa na mwanga wala hewa, lakini ndimo mamilioni ya wafanyakazi kutoka mikoani walimopata chumba cha bei yao. Tuseme wazi: serikali haikuwajengea. Waliowahifadhi ni wenye nyumba, kwa ajili ya kodi, kama Manzese tu.

Baishizhou ulikuwa mtaa wa namna hiyo wenye watu kama 150,000. Mwaka 2019 wapangaji walipewa notisi. Wenye nyumba walifidiwa kwa fleti na fedha kulingana na mita za mraba walizokuwa nazo, na wengine wakawa matajiri. Wapangaji waliondoka na mizigo yao. Pigo kubwa zaidi liliwapata wenye watoto, kwa sababu nafasi ya shule ilishikamana na anwani: ukihama wilaya, mtoto anapoteza dawati.

Mfano mwingine ni Shuiwei, mji huohuo. Pale majengo 29 hayakuvunjwa; yaliimarishwa, yakaongezewa lifti kwenye vichochoro na madaraja ya kuyaunganisha huko juu, yakatoa vyumba 504. Kazi ya kiufundi ni ya kuigwa, na tungependa kuona Kariakoo au Mathare wakijaribu. Ila vyumba vile vilitengwa kwa wataalamu vijana ambao wilaya ilitaka kuwavutia, kwa kodi yenye ruzuku. Muuza mboga aliyekuwamo hakurudi. Ukiandika tasnifu, pima mradi kwa swali moja: waliolala humo mwaka uliotangulia, wangapi wanalala humo sasa? Picha ya ukuta uliopakwa rangi haitakujibu.

Tumeunganishiwa bomba dogo la majitaka linalopita kichochoroni. Linaziba kila mwezi. Tulidanganywa?
*Mwenye nyumba, Vingunguti*

Hamkudanganywa, mabomba ya aina hiyo yanafanya kazi, na Vingunguti mna bahati ya kuwa jirani na mabwawa ya majitaka. Bomba la inchi nne hadi sita linaloshuka sentimita moja kila mita mbili linajisafisha lenyewe, ila kwa masharti. Likiwa na mteremko mdogo kuliko huo, uchafu unakaa. Wanaounganishwa wakiwa wachache, maji hayatoshi kusukuma. Hilo ndilo kosa la kawaida, nyumba tatu kwenye bomba la nyumba ishirini. Halafu mchanga: anayefua na kuosha vyombo uani akamwaga moja kwa moja, mchanga unaingia. Wekeni chemba ndogo yenye wavu na kina cha ziada chini kabla ya kuungana, ichotwe kila Jumamosi. Taulo za kike na vitambaa viwe na ndoo yake yenye mfuniko chooni. Fungueni chemba za kona moja baada ya nyingine mkianzia chini: ya kwanza mtakayoikuta imejaa, kizibo kiko kati yake na ile kavu iliyo chini yake. Msisukume kwa nondo yenye ncha, mtatoboa bomba. Tumieni mianzi iliyopasuliwa au fimbo laini za kuzibulia.

Mwenye nyumba anavunja ajenge upya, anasema nikitoka kwa hiari nitarudi kwa kodi ileile. Namwamini, ila niandikishe nini?
*Mama lishe, Buguruni*

Andikisha chumba gani na ghorofa ya ngapi, ukubwa wake kwa mita, kodi ya kuanzia na itakaa hivyo miaka mingapi, tarehe ya mwisho ya kukukabidhi ufunguo, na atakachokulipa kila mwezi ikipita. Kodi uliyokwishatanguliza irudishwe kabla hujatoa kitanda, siyo baadaye. Mkataba utaje kwamba ahadi inawafunga warithi wake na atakayenunua, kwani ujenzi wa nyumba nyingi hukatikia njiani fedha zikiisha, na kiwanja huuzwa na matofali yake. Na kwa kuwa wewe unauza chakula, weka na nafasi yako ya barazani, upana wake kwa futi, ama sivyo utarudi chumbani ukute fremu ya simu pale ulipokuwa ukiweka jiko. Sainini mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, mmoja wako, mmoja wake, kila mtu abaki na nakala. Picha ya mkataba itumie kwa ndugu yako kwenye simu, kwa sababu karatasi hupotea wakati wa kuhama kuliko wakati mwingine wowote.